Jinsi ya kuisikiliza Go ya Dexter Gordon mpaka ikuingie: mwongozo kamili wa kuanzia sifuri

Kuna albamu moja huwa nampa kila mtu anayeniambia jazi haimuingii, kwamba anasikia tu vyombo vinagongana na mtu anapuliza bila kituo, na hiyo albamu ni Go ya Dexter Gordon, mpiga saksafoni wa Marekani. Zamani nilikuwa nampa mtu jina tu namwacha aende, anarudi baada ya wiki anasema "nzuri" afu basi, unaona kabisa hajaishika. Nikaja kuona masikio yake hayana shida yoyote, shida hakuna aliyemwonesha aanzie wapi. Kwa hiyo hapa naandika hatua kwa hatua, kwa mtu ambaye hajawahi kabisa kukaa chini akasikiliza jazi, na kwa wale mnaopuliza domo la bata, yaani saksafoni, wenyewe kuna hatua yenu huko chini.

Kitu kimoja kibebe tangu sasa maana tutakirudia sana: Dexter anachelewa. Wenzake wanapiga pigo, yeye sauti yake inatua nyuma kidogo ya pigo, kila mara, kwa makusudi, na hapotei. Ukishalisikia hilo kwa sikio lako mwenyewe, sio kwa kuambiwa na mimi, albamu nzima inafunguka.

Hatua ya 1: mjue mzee unayemsikiliza

Usianze kucheza kitu kabla hujajua hii habari, ni fupi na inabadilisha unachosikia.

Dexter kazaliwa Los Angeles mwaka 1923, baba yake daktari, na kati ya wagonjwa wa huyo baba walikuwemo Duke Ellington na Lionel Hampton, viongozi wakubwa wa bendi za jazi, kwa hiyo muziki mkubwa aliukuta nyumbani. Mwaka 1940 akiwa na miaka 17 tu akaingia bendi ya Lionel Hampton, baadae akawa na bendi ya Billy Eckstine, ile ambayo vijana wa bibopu, yaani jazi ya kasi na ufundi mwingi ya miaka ya 40, karibu wote walipitia. Alikuwa mrefu kupita kiasi, karibu mita 2, na sauti yake ya saksafoni ya tenori, ile kubwa ya sauti nene, ilikuwa na mwili huo huo.

Halafu miaka ya 50 ikamla. Dawa za kulevya, jela, akatoka, akarudi tena. Muongo mzima ambao wenzake walikuwa wanajenga hadibopu, yaani ule muziki uliochukua ufundi wa bibopu ukaurudishia bluzi na hisia za kanisani na miguu ya kuchezea, yeye alirekodi kidogo mno. Na hao vijana waliokuwa wanatamba na tenori wakati huo, John Coltrane akiwemo, walikuwa wamejifunza kwake! Fikiria mtu umefungua njia afu wengine wanaipita wewe ukiwa ndani.

Mwaka 1961 Blue Note wakamchukua. Hii ni lebo ya New York iliyoanzishwa 1939 na Alfred Lion, Mjerumani aliyehamia Marekani, na kama kuna nyumba ya hadibopu basi ni hiyo. Tarehe 27 Agosti 1962, siku ya Jumatatu, Dexter akiwa na miaka 39 akaingia studio ya fundi wa kurekodi Rudy Van Gelder kule Englewood Cliffs, New Jersey, ng'ambo ya mto kutoka New York, chumba kikubwa chenye dari refu la mbao, na watu watatu nyuma yake. Siku moja, albamu ikaisha. Siku 2 baadae wakarudi watu wale wale wakarekodi nyingine, A Swingin' Affair. Na mwezi uliofuata tu Dexter akaenda London kupiga, na huko Ulaya akabaki miaka 14, kwanza Paris halafu Copenhagen.

Kwa nini nakwambia yote haya kabla ya muziki, ni kwamba ukisikia anavyochelewa nataka ujue ni mtu wa aina gani. Ana miaka 22 kwenye kazi, kapoteza muongo, karudi, na hakuna hata sehemu moja kwenye dakika 38 za albamu anapokimbizana na mtu kudai nafasi yake.

Hatua ya 2: andaa unachosikilizia

Hii ipitie haraka ila usiiruke. Sikiliza kwa masikio mawili. Rekodi za zamani za stirio ziligawa vyombo, kimoja upande huu kingine upande ule, kwa hiyo hedifoni ikiwa na upande mmoja umekufa kuna chombo utakipoteza na hutajua kama umekipoteza. Mimi miezi ya mwanzo niliisikiliza hii albamu kwenye daladala na upande mmoja tu unaofanya kazi, nikawa naamini drams kwenye hii rekodi zimerekodiwa hafifu sana, mpaka siku nimekaa kwa binamu yangu mwenye spika mbili za kawaida tu nikasikia simbali inalia kama mvua kwenye bati, nikamwambia zima, anza upya.

Ukitumia simu, zima zile nyongeza za besi. Besi hapa ni ya mbao, ile kubwa ya kusimama, inachunwa kwa vidole, ukiikuza na simu inakuwa uji na ukishakuwa uji huwezi kuifuata mwendo, na tunahitaji kuifuata. Spika ndogo ya blututhi itakuonesha saksafoni na simbali lakini besi itaimeza, kwa hiyo kwa hatua ya 4 na ya 7 hedifoni ni bora hata kama ni za bei ndogo.

Na zima ule uchezaji wa kuchanganya nyimbo ovyo. Albamu ina nyimbo 6, 3 upande wa kwanza wa sahani na 3 upande wa pili, kila upande kama dakika 19, na mpangilio wake una akili: wimbo wa kuamsha, baladi (wimbo wa taratibu wa mapenzi), wimbo wa kuruka, ukigeuza sahani tena wa moto, baladi, na wa kuagana.

Hatua ya 3: isikilize yote mara moja bila kufanya kitu

Usiku ni bora. Usichambue chochote, iache ipite. Ukichoka wimbo wa nne endelea. Lengo ni masikio yazoee sauti yake tu, kama unavyozoea sauti ya mgeni kabla hujaanza kuelewa anasema nini. Afu lala.

Hatua ya 4: kidole na simbali

Sasa kazi inaanza, na hii ndo hatua ambayo ukiiweza zingine zinakuwa rahisi, kwa hiyo ipe siku 2 au 3.

Weka wimbo wa kwanza, Cheese Cake, alioutunga Dexter mwenyewe, wa huzuni kidogo kwa sauti zake lakini unatembea vizuri. Usimsikilize Dexter. Najua ni ngumu kwa sababu anajaza chumba, lakini jitahidi, tafuta simbali. Ni ule mlio wa juu unaoenda ting, ting-ti-ting, ting-ti-ting bila kukatika kuanzia mwanzo hadi mwisho, anayepiga ni Billy Higgins. Ukishaipata, weka kidole cha shahada mezani ugonge pamoja nayo, moja mbili tatu nne, moja mbili tatu nne. Chini yake utasikia besi ya Butch Warren inakanyaga hatua hizo hizo, noti moja kila pigo, kama mtu anatembea. Kidole chako, simbali na besi, vitu vitatu vinatakiwa viwe kitu kimoja. Ukipotea acha, subiri, ingia tena.

Fanya hivyo wimbo mzima. Kama dakika 6 na nusu. Usimwangalie Dexter kabisa.

Mara ya pili, kidole kikiwa kinaenda chenyewe bila kufikiri, ndo umruhusu Dexter aingie sikioni. Hapo sasa ndo utasikia. Kidole kinagonga, afu noti yake inatua. Kinagonga, inatua. Sio pamoja, ni baada. Nafasi ni ndogo mno, ukijaribu kuipima huipati lakini mwili unaijua, utahisi kidole chako kinataka kupunguza mwendo kimsubiri. Usimsubiri! Ukimsubiri tu umepotea, kwa sababu yeye hapunguzi mwendo, anakaa nyuma kwa umbali ule ule muda wote kama mtu anayetembea hatua moja nyuma yako njia nzima. Besi na simbali hawamsubiri pia, na hapo ndipo utamu wote ulipo, wao wanavuta mbele yeye anakalia nyuma, ile kamba katikati yao inakazwa haikatiki, na wewe msikilizaji mguu unaanza kucheza wenyewe bila kujua kwa nini.

Mzee akiitwa barazani anakuja, ila hakimbii. Ndivyo anavyopiga huyu bwana.

Ukitaka kuhakikisha, nyingi ya apu za video zina sehemu ya kupunguza kasi, weka robo tatu ya kasi ya kawaida usikilize sekunde 30 tu za solo yake, pale melodi imeisha na anabuni mwenyewe. Kwa kasi ndogo ule uchelewaji unakuwa mkubwa, unaonekana wazi, halafu rudisha kasi ya kawaida usikie tena. Usisikilize wimbo mzima kwa kasi ndogo maana unaua sauti.

Kitu kingine hapo hapo: angalia noti zake zilivyo sawa sawa. Wapigaji wengi wa jazi hurukaruka, noti ndefu fupi ndefu fupi, yeye anazilaza karibu sawa, na ndo maana anaweza kuchelewa bila kuonekana mlevi. Sentensi ndefu, pumzi, sentensi nyingine. Kabla yake wakubwa wa tenori walikuwa njia mbili, Coleman Hawkins na sauti nzito ya kifua, na Lester Young na ule ulegevu wa kusema maneno machache. Dexter kachukua ulegevu wa Lester akauvisha mwili mkubwa.

Hatua ya 5: jifunze maneno ya baladi kabla ya kuzisikiliza

Hii watu wengi wananiuliza ya nini, hakuna anayeimba humu. Ndo maana yenyewe. Nyimbo kama I Guess I'll Hang My Tears Out to Dry, wimbo wa pili, na Where Are You?, wa tano, ni nyimbo za kuimbwa, zina mashairi, na Dexter alikuwa na tabia jukwaani ya kuyasema maneno ya baladi kwanza, kwa ile sauti yake nzito ya chini, polepole kabisa, afu ndo anaweka saksafoni mdomoni. Kwa hiyo anapopuliza anaimba, maneno yapo kichwani mwake.

Tafuta maneno ya huo wimbo wa pili mtandaoni, kama Kiingereza hakipandi tafuta wa kukutafsiria, sio marefu. Jina lenyewe tu ni shairi: nadhani nitayaanika machozi yangu yakauke. Neno ni kuanika, kama nguo kwenye kamba uani. Mtu kaachwa, analia hadi machozi yamekuwa ya kufuliwa na kuanikwa.

Sasa weka wimbo, shika maneno mkononi, na umfuate neno kwa neno anavyopiga melodi ile ya kwanza. Utaona ananyamaza pale mwimbaji angevuta pumzi, na mwisho wa mstari noti ndefu anaishika imenyooka kabisa halafu mwishoni kabisa anaitikisa kidogo, kama sauti ya mtu anayejizuia. Hapo ndipo mimi albamu hii ilinishika. Nilikuwa jikoni nachambua mchele, nikaacha, nikakaa kwenye kigoda.

Na uone uchelewaji kwenye baladi unakuwa kitu kingine. Kwenye Cheese Cake ulikuwa utamu wa kucheza, hapa ni uzito, ni mtu anayeona tabu kulitamka neno linalofuata. Kifaa ni kile kile.

Rudia hivyo hivyo na Where Are You?, ambayo jina lake ni swali, uko wapi, na anauliza kama swali kweli, sauti inapanda mwishoni.

Hatua ya 6: hesabu nyumba

Wengi wanadhani kwenye solo mtu anapuliza chochote anachotaka. Hapana. Wimbo ni nyumba yenye vyumba, melodi ikiisha nyumba inabaki, na kila mtu kwenye solo anazunguka vyumba vile vile kwa mpangilio ule ule, anachobadilisha ni samani tu.

Nyumba ya kawaida kwenye hizi nyimbo ni ubeti, ubeti, daraja, ubeti. Daraja ni ile sehemu ya katikati inayokwenda kwingine, sauti zinabadilika, halafu unarudi nyumbani. Hesabu hivi kwa vidole: moja mbili tatu nne, mbili mbili tatu nne, tatu mbili tatu nne, hivyo hivyo hadi nane mbili tatu nne, hapo umemaliza ubeti mmoja wa vifungu 8, kila kifungu mapigo manne. Ubeti mara 2, daraja 8, ubeti 8, jumla 32. Where Are You? ina umbo hilo, na kwa vile inakwenda taratibu unaweza kulisikia daraja linavyofika bila haraka.

Lakini pa kujifunzia ninapopapenda zaidi ni wimbo wa nne, Love for Sale wa Cole Porter. Huu ni wa mwaka 1930, unazungumza kwa mdomo wa mwanamke anayeuza mwili, na redio za Marekani ziliukataa kwa maneno yake. Nyumba yake ni kubwa mara mbili, kila chumba vifungu 16, jumla 64, ungesema hapa mgeni atapotea, ila Billy Higgins kaweka alama barabarani. Melodi inapoanza anapiga mwendo wa Kilatini, simbali haiendi ting-ti-ting tena, mikono inacheza kama Kuba. Likifika daraja, ghafla wanaingia kwenye swingi, ule mwendo wa ting-ti-ting wa hatua ya 4, besi inaanza kutembea. Daraja likiisha wanarudi Kilatini. Kwa hiyo hata usipohesabu unasikia kabisa ulipo. Sikiliza hiyo melodi tu mara 3 au 4, usiendelee na solo, mpaka uweze kunyoosha mkono sekunde moja kabla swingi haijaingia. Ukiweza hilo umeshajua umbo la nyimbo nyingi sana za jazi, sio hii tu.

Hatua ya 7: msikilize kila mmoja peke yake

Wimbo mmoja, mara nne, kila mara mtu mmoja. Chagua wowote wa haraka.

Piano ni Sonny Clark. Wengi wanaipita piano kwa sababu Dexter ni mkubwa mno, na wanapoteza nusu ya albamu. Wakati Dexter anapiga, Sonny anaweka kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) fupi fupi chini yake, anazidokeza, anaacha wazi, anadokeza tena, anaitikia kama anayesikiliza hadithi akisema ehe, enhe, ikawaje. Halafu zamu yake ya solo ikifika sikiliza mkono wa kulia, laini yake inakwenda ndefu, safi, imejaa bluzi. Yeye tofauti na Dexter anakaa juu ya pigo zaidi, kwa hiyo akiingia baada ya Dexter unasikia kama wimbo umeamka, na kasi haijabadilika hata kidogo, gonga kidole uhakikishe. Sonny alifariki tarehe 13 Januari 1963, miezi minne na nusu baada ya siku hiyo ya studio, na miaka 31 tu. Mimi siwezi kusikiliza solo zake humu bila kulikumbuka hilo.

Butch Warren alikuwa na miaka 23. Fuata besi wimbo mzima, utaona haonyeshi ufundi, anakanyaga tu, na bila yeye kukanyaga Dexter asingekuwa na kitu cha kuchelewea.

Billy Higgins naye katoka Los Angeles kama Dexter, na miaka michache kabla alikuwa na mpiga saksafoni Ornette Coleman kwenye jazi huru, muziki ule uliowagombanisha watu. Anapiga kwa wepesi wa ajabu. Sikiliza mkono wake wa kushoto kwenye sneya, ile ngoma ndogo ya mlio mkali, tap moja hapa, mbili pale, kama mtu anagonga meza akicheka, hazirudii mpangilio. Na hawa watatu, Dexter, Butch na Billy, hawakukutana kwa mara ya kwanza siku hiyo: mwezi Mei mwaka huo huo walikuwa pamoja kwenye Takin' Off, albamu ya kwanza ya kijana mpiga piano Herbie Hancock, kwa hiyo walikuwa wanajuana pumzi.

Hatua ya 8: vionjo anavyoficha

Second Balcony Jump, wimbo wa tatu, unatoka enzi za bendi kubwa, na waliouandika ni Billy Eckstine, yule yule bosi wake wa zamani, pamoja na Gerald Valentine. Hapa Dexter yuko nyumbani na anacheka. Katikati ya solo zake ana mchezo wa kuchomeka kipande cha wimbo mwingine kabisa, mstari mmoja unaojulikana, kinaingia kwenye kodi kama kilizaliwa hapo, kinapita kabla hujakikamata. Sisi ambao hatukukua na hizo nyimbo za Kimarekani hatuvitambui vyote, na haidhuru, utasikia tu sauti yake inabadilika kidogo kama mtu anayeigiza sauti ya mwingine kwenye mazungumzo. Ukisikia hivyo andika dakika na sekunde, uje umuulize anayejua.

Wimbo wa mwisho, Three O'Clock in the Morning, saa 9 usiku kwa saa zetu, asili yake ni waltzi ya mapigo matatu ya kizamani. Humu wameigeuza ya mapigo manne. Mwanzoni kabisa Sonny Clark anapiga kwenye piano mlio wa kengele za saa ya mnara, afu Dexter anaingia kama mtu anayerudi nyumbani usiku huo mikono mfukoni, barabara haina mtu, hana haraka yoyote. Kama hatua ya 4 ilikuwa ngumu kwako, kaisikilize upya hapa, kuchelewa kwake hapa kuko wazi kuliko popote.

Hatua ya 9: kwa wanaopuliza

Kwanza jikumbushe tenori ni chombo cha Bb, ukisikia C kwenye piano wewe kwenye tenori unabonyeza D, usije ukapoteza siku nzima unatafuta noti isiyokuwepo. Mwenye alto, C ya piano kwako ni A.

Usianze na Cheese Cake. Anza na melodi ya baladi ya wimbo wa pili, na kabla hujagusa chombo iimbe kwa mdomo, maneno kabisa, mpaka uimbe sambamba na Dexter bila kumtangulia. Utamtangulia sana mwanzoni, kila mtu anamtangulia. Ukishaweza kuimba ndo uchukue saksafoni, mistari 2 tu kwa siku.

Sauti ile haitoki kwenye mdomo wa saksafoni wa gharama. Inatoka kwenye noti ndefu, kila siku dakika 10, noti ya chini kabisa unayoweza kuishika bila kutetemeka, imenyooka, bila mtikiso wowote, halafu sekunde ya mwisho ndo unaitikisa kidogo. Majirani watalalamika, funga mlango, puliza ukielekea kwenye nguo za kabatini.

Kuchelewa kunafundishika. Weka metronomu ya simu, ile apu inayogonga mapigo, kwenye 50 kwa dakika, na hiyo milio uichukue kama pigo la pili na la nne, yaani kasi halisi ni 100. Piga skeli ya kawaida, noti 2 kila pigo, kwanza juu ya pigo kabisa mpaka iwe rahisi. Ndipo uanze kulegeza, kila noti nyuma kidogo. Jirekodi kwa simu, na sikiliza kitu kimoja tu: baada ya dakika 2 bado uko umbali ule ule? Kama unazidi kuachwa basi hujachelewa, umepunguza mwendo, na hayo ni mambo mawili tofauti. Mtu asiyeweza kupiga juu ya pigo hawezi kuchelewa, anapotea tu. Mimi hii ilinichukua karibu mwaka kuiweza kwa dakika 2 mfululizo.

Baada ya hapo chukua vifungu 4 tu vya solo ya Cheese Cake, vijue kwa moyo, vipige pamoja na rekodi. Vinne. Wiki ijayo vinne vingine.

Hatua ya 10: pa kwenda baadae

Ukiwa umefika hapa nenda A Swingin' Affair kwanza, maana ni watu wale wale siku 2 baadae, masikio yako yatakuwa nyumbani. Halafu Doin' Allright ya Mei 1961, hiyo ndo ya kwanza yake kwa Blue Note, ana Freddie Hubbard kijana kwenye tarumbeta na unasikia tofauti ya umri wao kwenye pigo, kijana anavuta mzee anakaa. Halafu Our Man in Paris ya 1963, huko Ulaya, Bud Powell kwenye piano na Kenny Clarke kwenye drams, hapo anarudi kwenye nyimbo za bibopu za ujana wake na moto ni mkubwa zaidi. Kwa Sonny Clark tafuta Cool Struttin' ya 1958, albamu yake mwenyewe. Na kama unataka kumwona Dexter kwa macho, tafuta filamu ya Round Midnight ya 1986, kaigiza yeye kama mpiga saksafoni mzee anayeishi Paris, akateuliwa kugombea tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora. Angalia anavyotembea na anavyojibu maswali humo. Anaulizwa, kimya kidogo, afu jibu linatua, ule ule umbali uliouhesabu kwa kidole kwenye Cheese Cake.